Sal Mubarak, majirani zangu

Ndugu, jamaa na majirani wa Mombasa, Dar na popote mlipo, heri ya Diwali. Na kwa kesho yake, mwaka wetu mpya: Sal Mubarak!

Kila mwaka kuna rafiki anayeniuliza mbona Wahindu tunapeana mubarak kama siku ya Idi. Ndivyo Wagujarati tunavyosema mwaka unapoingia, na mimi nikilisikia neno hilo namkumbuka nyanya yangu. Tulimwita Ba. Alizaliwa Veraval, bandari ya Junagadh, katika Gujarat ya magharibi mwa India, akaletwa Mombasa akiwa bi harusi.

Junagadh ilikuwa milki ya nawabu (mtawala kama sultani), moja kati ya zaidi ya 560 zilizokuwa na watawala wao chini ya Waingereza. Mwingereza alipofunga virago Agosti 1947, watawala hao waliachiwa wachague: India au Pakistan. Nawabu Mahabat Khan, Mwislamu, alichagua Pakistan. Raia wake, karibu wanane katika kila kumi, walikuwa Wahindu, na ukiacha upande wa bahari, nchi yao ilizungukwa na India. India ikazuia makaa ya mawe na mafuta yasiingie. Huko Bombay, tarehe 25 Septemba, ikatangazwa serikali ya muda ya kumpinga nawabu, Arzi Hukumat, ikiongozwa na Samaldas Gandhi, mtoto wa kaka yake Mahatma. Kabla Oktoba haijaisha, nawabu alikuwa ameshapanda ndege kwenda Karachi.

Wengi wakimtaja hucheka habari za mbwa wake aliowapenda mno. Ba hakuzipenda hadithi hizo. Yeye alisema manawabu ndio waliowakataza watu kuwinda simba wa msitu wa Gir, huko Junagadh, na kama si wao, Asia nzima leo isingekuwa na simba hata mmoja. (Kando ya msitu huohuo, kijijini Jambur, wanaishi Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Ngoma yao wanaiita goma. Ba aliposikia ngoma za hapa mara ya kwanza, alisema hakujiona mgeni.)

Tarehe 9 Novemba India ikashika utawala. Diwali iliangukia tarehe 12. Kesho yake, siku ya Sal Mubarak, Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alifika Somnath, kwenye magofu ya hekalu lililo ufukweni, akaahidi kwamba litajengwa upya. Na tarehe 20 Februari 1948 watu wenyewe wakaulizwa: walipiga kura 190,870, na kati yao waliotaka Pakistan walikuwa 91.

Sina shaka kwamba Junagadh ilitaka India. Lakini kila Diwali nawawaza wale 91, na wengine wengi zaidi ambao siku ya kura walikuwa wameshaondoka. Wamemoni, Waislamu wafanyabiashara wa mji wa Kutiyana huko Junagadh, walifunga maduka na nyumba wakahamia Karachi, mji ambao wengi wao hawakuwa na kaburi hata la babu.

Ghorofa ya chini yetu aliishi mama mmoja wa Kimemoni, mtu wa Kutiyana, ndugu zake wote Karachi. Yeye na Ba walikuwa na nchi moja ambayo haikuwepo tena. Siku ya Diwali Ba alikaa chini sakafuni akikunja ghughra, sambusa tamu za kukaanga, anaufinya ukingo kwa kidole gumba, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka unafanana na kamba iliyosokotwa. Sahani ya kwanza ilishuka chini kabla sisi watoto hatujaonja. "Sal Mubarak, ben," yule mama aliitikia kutoka jikoni. Sahani haikurudi tupu. Idi ilipofika ilipanda na biriani.

Mwaka huu ghughra nimezikunja mimi, na kamba yangu bado inafumuka kidogo kwenye mafuta. Taa za udongo nimeshazipanga barazani, nitaziwasha magharibi. Nyote wa ghorofa ya chini, wa juu na wa ng'ambo ya barabara, njooni na watoto. Na ninyi mlioko Karachi, Veraval, Muscat au London, sahani yenu nimeifunika.

Sal Mubarak.