Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: dirisha la methadoni na giza la dagaa

Shikamoo mheshimiwa. Nakuandikia kutoka Igombe, mimi ni dada wa mtu ambaye zamani huku mtaani walikuwa wanamwita teja na siku hizi wanamwita kwa jina lake, na kilichombadilisha ni methadoni tu, ile dawa ya kunywa kila siku wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini, maombi tulishafanya sana.

Nimeshamsindikiza mpaka dirishani wanapogawa dawa nikaona. Anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa, anakisuuza na maji anakunywa na hayo, halafu nesi anamwambia hebu ongea, ahakikishe imeshuka kweli. Basi, siku hiyo hana arosto, yale mateso ya kukosa heroini, hatafuti kete, anaenda kazini.

Sasa shida ni hiyo kazi. Kaka anavua dagaa, na dagaa unawajua, ni usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika. Mtumbwi unarudi asubuhi, bado kushusha, bado mgao, ndio adandie daladala ananuka dagaa watu wanamkwepa, anafika dirisha limefungwa. Mwezi uliopita ilimkuta siku mbili mfululizo, mlinzi anamwambia "teja rudi kesho". Jioni ya siku ya pili jasho, miayo, makamasi kama mtoto, tumbo linakata, na mimi nimekaa mlangoni asitoke. Na ukikosa siku tatu wanakushusha dozi uanze kupanda tena taratibu maana mwili ushapoa, ile ya zamani inaweza kukuua. Hilo naelewa, manesi siwalaumu.

Ninachoomba, siku za giza dirisha likae wazi hata mpaka jioni, na wale waliotulia muda mrefu wapewe dozi za siku chache wanywee nyumbani. Najua mnaogopa itauzwa au mtoto ataibugia, na kweli methadoni inaua asiyeizoea, basi mtupe masharti, sanduku la kufuli tutanunua wenyewe. Ipo pia buprenorfini, dawa ya kazi hiyo hiyo, kidonge cha chini ya ulimi, na kuna nchi wanachoma sindano yake mara moja kwa mwezi, mvuvi wa kisiwani hapo si angepona? Shirika la Afya Duniani liliziweka methadoni na buprenorfini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, Muhimbili wakaanza methadoni 2011, kwa hiyo siombi kitu cha ajabu.

Giza linaanza tena wiki ijayo mheshimiwa, na kaka ameshaitwa mtumbwini.