Kuhusu Juma na ile kazi

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kwako na nyumba nzima. Mimi mzima, ila usingizi ndio sina tangu Ijumaa. Najua nimekaa kimya toka Idi. Ujumbe wako wa kuniomba nimsemee Juma nimeusoma mara tatu, kila nikianza kujibu nafuta. Sasa naandika barua kabisa, usije ukadhani namkwepa mdogo wako.

Nafasi ya testa, yule anayeijaribu programu kabla haijamfikia mteja, ipo kweli, na nikimtaja kwa bosi ataitwa kesho yake. Shida ni huko ninakotaka kumtia.

Si unakumbuka bosi alivyorudi na cheti cha skramu, ule mtindo wa kuendesha timu kwa awamu fupi na vikao vya kila siku, mafunzo ya siku mbili hotelini? Tangu hapo sisi ni timu ya ajaili, yaani tunatengeneza programu kidogo kidogo na kurekebisha njiani. Kikao cha asubuhi kinatakiwa kiwe cha dakika 15. Chetu Jumanne kilikula saa 1 na dakika 20. Neema ana mimba ya miezi saba, akavuta kiti, akaambiwa hapa watu husimama. Akasimama, Salehe. Nami nikanyamaza kimya. Hilo bado linanikera.

Halafu pointi. Zile namba za kukadiria ugumu wa kazi, 1, 2, 3, 5, 8, 13, bosi kazifanya kipimo cha bonasi. Basi hakuna kazi rahisi tena. Juzi Deo kabadilisha neno moja kwenye kitufe, "Wasilisha" ikawa "Tuma", kajiandikia pointi 8. Simlaumu, ana ada za watoto.

Kila sprinti, yaani awamu fupi ya kazi, ikiisha tunakaa kujikosoa kwenye vikaratasi vya njano, bila majina. Bosi keshaijua miandiko yetu. Mara ya mwisho niliandika kwa mkono wa kushoto. Akasoma, akacheka, akanitazama mimi.

Lakini nilikuwa nataka kukueleza ya Ijumaa. Mkataba na ile SACCOS ya walimu, wateja wetu, ulisainiwa kamili, tarehe na kila kipengele, kabla yetu kuulizwa lolote. Testa wetu aliacha kazi Machi, na hiyo ndiyo nafasi ya Juma. Ijumaa saa kumi na moja jioni tukaamriwa tupandishe toleo jipya la programu yao. Saa mbili usiku simu zikaanza: marejesho ya mikopo yamekatwa mara mbili. Pesa za walimu! Nimekesha na ile hifadhidata hadi alfajiri, narudisha mstari mmoja mmoja. Na kwenye ubao wa kazi, kazi hiyo ilikuwa imekaa upande wa "Imekamilika" tangu Jumatano.

Juu ya printa wamebandika ile ilani ya ajaili, ya wale watu 17 waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001. Mstari wake wa kwanza unawatanguliza watu na maongezi yao mbele ya taratibu na zana. Jana nasubiri karatasi itoke, macho yakatua juu yake, nikacheka peke yangu kama chizi.

Sasa turudi kwa Juma. Kijana anaweza, kazi yake nimeiona. Ila akiingia yeye, makosa yote yatakuwa ya testa. Toleo litapanda bila yeye kuligusa, na simu za usiku ataulizwa yeye. Kwa upande mwingine, mshahara unaingia tarehe 25 bila kukosa, na mjini hapa... Mimi mwenyewe sijaacha, utasema, na una haki.

Hebu niambie, hali ya nyumbani ikoje hasa? Anaweza kuvuta miezi mitatu? Huko Arusha kwenu hawachukui vijana? Na wazee wa miaka 36 je? Goti la mama limepoa? Ile Noah uliiuza, au bado inakunywa mafuta yako bure?

Bosi anaanza kuita watu Alhamisi. Nipigie kabla ya hapo, ila usipige saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimesimama.

Wako,
Mwita