Mwanangu, tazama meli kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya ule ukurasa nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Umeusoma mwandiko ule peke yako? Karani wa miaka ya 1830, vifupisho mpaka pembezoni mwa karatasi, mistari imebanana kama dagaa. Marehemu baba yako angemwonyesha kila aliyepita barazani. Ila nilipofika kwenye jina la meli nikaiweka simu chini. Umeandika kwamba yule mzee wa ukoo wa baba yako, mfungwa ambaye Waingereza walimsafirisha hadi kisiwa cha Tasmania, huko Australia, alifika kwa Elphinstone. Mimi nakumbuka Asia.

Na umeshawaambia watoto wa shangazi yako. Unasema mchoro wa ukoo umeshachapwa, utabandikwa ukutani siku mtakapokutana Launceston, huko huko Tasmania. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si habari ya wizi wake. Ungeniuliza kwanza, mama. Mimi nipo, sijafa.

Jina la ukoo wenu huko kwao ni kama Juma Ali hapa Tanga, ukiliita sokoni wanageuka kumi. Makarani wa Hobart, mji mkuu wa kisiwa, walilijua hilo. Kisiwani kule waliteremshwa wafungwa zaidi ya 70,000 mpaka biashara ile ikakoma mwaka 1853, na karani hakuthubutu kuandika jina likabaki peke yake. Aliandika jina, kisha meli aliyokuja nayo, kisha namba ya polisi. Jina bila meli si mtu. Wewe umepata jina, umri unakaribiana, ukafurahi ukafunga jalada.

Nimekaa masijala miaka 31, nisikilize. Ofisini kwetu palikuwa na wastaafu wawili, jina lao moja, la baba moja, la babu moja, wilaya moja. Walichotofautiana ni cheki namba, ile namba ya mtumishi. Barua ya mmoja ya kudai mafao ikawekwa kwenye jalada la mwenzake, folio 47, yaani karatasi ya 47, ikakaa humo mwaka na miezi. Yule mzee alikuwa akija kila Jumanne, kanzu imepigwa pasi, anakaa kwenye benchi, anaambiwa barua yake haijaonekana. Siku ilipoonekana, aliyekuja kuchukua majibu alikuwa mjane wake. Ile 47 imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na mwandiko wake naujua kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ni jambo la miaka 190 iliyopita, halimdhuru mtu. Huyo wa Elphinstone naye ana watoto wa watoto wake, wanamtafuta kama unavyomtafuta wako. Ukimchukua, umewanyang'anya. Na wa kwenu anabaki hana wa kumuulizia.

Utasema, mama ana uhakika gani na hiyo Asia. Bibi yako mzaa baba alituma karatasi mwaka uliozaliwa wewe. Aliandika kwa mkono wake, kwa wino wa bluu: jina, meli, mwaka. Mwaka umenitoka. Meli naikumbuka kwa sababu nilishangaa chombo cha kubebea wafungwa kupewa jina la bara zima. Wakati ule mimi na yeye hatukuwa tukielewana, sababu unazijua. Niliona mtu hakutaka kufika harusini, leo ananiletea habari za mfungwa, iwe nini? Baba yako aliniulizia ile bahasha mara mbili. Nilimwambia iko salama. Tulipohama Chumbageni muuza karanga wa pale kona alikuwa ananunua magazeti na makaratasi kwa kilo, na siku ile yalikuwa maboksi mengi, mvua inataka kunyesha, sikufungua kila boksi.

Basi ndiyo hivyo. Huenda mimi ndiye niliyechanganya. Nitazamie tu.

Utakapokuwa Hobart, usianzie kwa mfungwa ukateremka kuja kwenu. Anzia kwa babu yako upande juu, cheti kwa cheti. Wenzetu wale walianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tangu Desemba 1838, kwa hiyo ngazi ipo. Mfungwa akitaka kuoa ilimbidi aombe ruhusa ya serikali, na maombi yale yameorodheshwa, mara nyingi meli inatajwa pembeni ya jina. Ukimpata bwana harusi na meli yake, ndipo uende kwenye rejista ya mwenendo, ile ya makosa na adhabu zake. Na meli yenyewe haitoshi, maana Asia ilibeba wafungwa zaidi ya safari moja. Meli na mwaka. Andika nyuma ya mkono wako ikibidi.

Ukishaijua safari, rejista za Uingereza zilizoko Kew, kwenye hifadhi yao ya nyaraka London, zinazoanzia 1787, zitakwambia alihukumiwa lini, mahakama ya wapi, na kwa miaka mingapi: saba, kumi na nne au maisha. Hapo ndipo utafute kesi. Wewe umeanza na kesi. Kesi za Old Bailey, ile mahakama ya jinai, ziko wazi mtandaoni na zinasomeka kama hadithi, naelewa ilivyokuvuta, leso ya hariri imetolewa mfukoni mwa bwana mmoja na polisi yuko nyuma. Lakini Old Bailey ni London na jirani zake. Wengi walihukumiwa mikoani. Na wako waliohukumiwa kusafirishwa wasisafiri kamwe, wakaishia kwenye zile meli kuukuu zilizogeuzwa magereza, zimetiwa nanga Woolwich na Portsmouth. Hukumu si safari.

Tazama pia mwili wake. Walimpima kila mtu akishuka: urefu, rangi ya macho, makovu, na michoro waliyojichanja mikononi kwa sindano, nanga, mioyo, herufi za majina ya mke na watoto waliowaacha. Umenitumia ukurasa wa makosa tu. Ukurasa wa maumbile uko wapi? Herufi zile zikilingana na majina ya watu wenu, nitanyamaza.

Jambo jingine. Umeandika kwamba "labda alikuwa mpigania haki." Mwanangu, kila mtu anamtaka wa Tolpuddle. Wale walikuwa vibarua 6 wa mashamba, Dorset, 1834, kosa lao kuapishana katika chama chao cha wafanyakazi. Waliobaki, wengi walikuwa wezi wa vitu vidogo. Kama aliiba, andika aliiba. Jamaa zake baba yako walificha miaka yote hiyo, na hata kisiwa chenyewe kiliacha kuitwa Van Diemen's Land kikawa Tasmania mwaka 1856 ili ile harufu ipotee. Wasomi wa UNESCO waliziingiza kumbukumbu hizo kwenye orodha yao ya dunia mwaka 2007, wewe usije ukaanza upya kumpaka mtu poda. Na ukikuta alipewa shamba baada ya kifungo, uliza shamba lilikuwa la nani. Kisiwa kile kina wenyewe, wanakiita lutruwita, na walifukuzwa kwa bunduki wakati huo huo wafungwa wanashushwa. Hilo nalo liwe kwenye mchoro wa ukutani.

Ulisema unaogopa kuingia maktabani ukatazamwa, na rangi yako, wakakuuliza unatafuta nini. Waambie unatafuta babu yako. Halafu waombe wakutolee kumbukumbu za William Cuffay, aliyefika Hobart mwaka 1849 kwa meli Adelaide. Fundi cherehani wa London, baba yake alitoka utumwani St Kitts, kisiwa cha Karibi. Alihukumiwa maisha kwa harakati za Wachartisti, waliodai haki ya kura kwa wafanyakazi, akasamehewa mwaka 1856, akabaki huko huko akiendelea na siasa za wafanyakazi hadi alipofariki mwaka 1870. Kaa kwenye kiti chako vizuri.

Huku hatujambo. Fundi wa paa alichukua hela ya mabati na hajaonekana tangu Alhamisi, jikoni nimetega lile sufuria kubwa la pilau. Mdogo wako anasema atapanda mwenyewe, nimemkataza, unajua alivyo. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka bei. Hela uliyotuma nimelipia maji, ya umeme bado ipo. Usitume nyingine kabla hujajinunulia koti, Hobart kuna baridi na wewe kifua chako ni cha baba yako.

Mpigie shangazi yako kabla ya kwenda. Mwambie mchoro usibandikwe bado, sema mama ndiye aliyezuia. Na umuulize kama mama yake aliacha nakala ya karatasi ile. Mimi siwezi kumuuliza, ataniuliza yangu iko wapi.

Siku utakayofungua rejista nipigie hapo hapo. Ninyi mko mbele yetu masaa saba, kwenu saa nne asubuhi kwangu ni saa tisa usiku, lakini simu nitalala nayo chini ya mto. Kama ni Asia, nisomee polepole, kuanzia juu. Na kama ni Elphinstone, nipigie vilevile.

Ni mimi,
Mama yako