Dragendorff kakubali, Mayer kagoma

Shoga yangu Rehema, vipi, wazima huko? Ukimya wangu usiuone dharau, nimezama maabara na majani ya mwarobaini, natafuta yana kemikali gani, na leo nina shida na wewe.

Mwanzo kila kitu kilikwenda poa. Majani nikaanika kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye heksani halafu metanoli. Saponini, zile kemikali za mmea zinazotoa povu kama sabuni, hazina ubishi, unatikisa tyubu na maji, unaiacha robo saa, povu bado limesimama tu. Tanini nazo, zile za ukakasi, tone la feri kloraidi na rangi inageuka kijani cheusi hapohapo. Kasheshe ni alkaloidi, zile kemikali za mmea zenye nitrojeni! Nazipima kwa vitendanishi viwili, Dragendorff na Mayer, mashapo yakitokea ndo dalili zipo. Dragendorff kanipa mashapo ya rangi ya chungwa hadi nikashangilia, nakuja kwa Mayer, kimya, maji yako vilevile maangavu hata ukungu hamna. Sasa kwenye jedwali niandike nini? Shabani anasema weka alama ya kujumlisha ukalale, si unamjua Shabani. Mi sitaki, Dragendorff anashikana hata na protini, nani atanihakikishia hiyo chungwa ni alkaloidi kweli? Nataka nisafishe kwanza, niyeyushe kwenye asidi hafifu, nichuje, nitie amonia, nivute na klorofomu, ndo nijaribu upya. Msimamizi yeye anataka jedwali Ijumaa basi.

Halafu watu wakisikia tu "ina alkaloidi" wanarukia inatibu, jamani, kwinini alkaloidi, nikotini alkaloidi, strikinini ya kuulia panya nayo alkaloidi!

Mama Zu kaniuliza kwa nini sichemshi, mbona wanaoitumia wanakunywa ya maji sio ya metanoli. Ana hoja, nitafanya na ya maji pia. Ila kuchemsha nako kunaweza kuharibu dawa... Mwanasayansi Tu Youyou kule China alihangaika na pakanga, dawa ya malaria ikaja kuonekana alipotumia etha kwa joto la chini, ndo hiyo artemisinini iliyompa Nobel 2015. Kwa hiyo zote mbili, bega kwa bega.

Ila hiyo Mayer bado inaninyima raha. Ushawahi kuona imegoma wakati Dragendorff kakubali? Wewe uliandikaje? Una sahani za silika za kutenganishia kemikali zilizobaki, hata vipande? Na ile Dragendorff yako ya kupulizia bado nzima au ilishaharibika? Naweza kuzifuata kabla ya Alhamisi? Na Zu kapona?

Wako,
Mwanaidi