Kabla ya msingi mwingine, shule ipate ramani

Mhariri,

Nilikuwa fundi bomba wa shule moja kongwe ya bweni huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka 27. Jina lake naliacha, nimekula chumvi yake.

Februari, mvua zimekolea, mkuu wa shule akanipigia simu: "Mzee, shikamoo. Siku ya nne maji hayafiki mabwenini." Nikachukua bodaboda. Sikuzunguka popote. Niliingia kwenye darasa jipya, rangi bado inanuka, nikagonga sakafu kwa kisigino nikasema vunjeni hapa. Vijana walipiga nyundo mpaka jioni. Chini yake kulikuwa na bomba kuu la chuma, la inchi tatu, lililolazwa enzi za mkoloni, limepasuka kwenye kiungo. Sakafu ile haikuwa imetimiza hata mwaka.

Simlaumu mkuu, wala fundi. Fedha za mradi zikishuka Machi, na mwaka wa serikali unafungwa Juni 30, nani ana muda wa kuuliza bomba limepita wapi? Panatafutwa palipo wazi, msingi unachimbwa. Ndivyo mabweni yalivyopanda mlima hadi mashimo ya vyoo yakawa juu ya chemchemi. Na mikaratusi tuliyopanda kwa ajili ya kuni (nami nilishika jembe, nakiri) inafyonza maji yaliyobaki.

Moto ndio unaoninyima usingizi. Agosti 2009 bweni liliungua Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 wakafa. Shuleni kwetu zamani lori lilizunguka kila bweni. Leo kati ya bweni la wasichana na bwalo wamebana stoo, hata toroli la mpishi linapita kwa kuinamishwa.

Majengo ya kale nayo watu hudhani yanalindwa na uzee wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayakinga moja kwa moja yale ya kabla ya 1863. Shule kongwe ya Malangali, kwa mfano, ilifunguliwa 1928. Kwa umri huo jengo halilindwi mpaka waziri alitangaze. Basi bodi zetu ziandike zenyewe lipi halivunjwi.

Ninachoomba ni mpango kabambe wa eneo zima, wa miaka 20 au 30, na uanze na mpima ardhi: mipaka, mabomba, mitaro, njia ya gari la zimamoto. Mradi ukija, ukute mahali pake pameshachorwa.

Mimi kuchora sijui. Ninalo daftari la kaunta lenye kila koki na kila kiungo, vimepimwa kwa hatua zangu kutoka mti wa kengele, ule ulioning'inizwa rimu ya lori. Mti umekatwa mwaka jana. Kisiki chake nakijua mimi na mlinzi mmoja, kwa hiyo mpima aje kabla magoti yangu hayajaukataa ule mlima.

Fundi bomba mstaafu,
Mafinga, Iringa