Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka 2025 tuliutumia zaidi mezani kuliko majini. Wapo walionung'unika, na siwalaumu: hakuna anayejiunga na chama cha uhifadhi wa bahari ili akasome rasimu za kanuni. Lakini mambo mawili tuliyoyasubiri kwa miaka yalitimia ndani ya wiki moja ya Septemba, na kamati ilibidi iyafuatilie.

Tarehe 15 ulianza kutumika Mkataba wa Ruzuku za Uvuvi wa Shirika la Biashara Duniani. Unakataza serikali kuzipa ruzuku meli zinazovua kiharamu, na pia uvuvi wa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Ruzuku zinazozidisha meli kuliko samaki waliopo hazikuguswa. Hizo bado zinajadiliwa. Kwa maoni yangu, huko ndiko kwenye kiini cha tatizo.

Tarehe 19, idadi ya nchi zilizoridhia Mkataba wa Bahari Kuu ilifika 60, na tangu 17 Januari 2026 mkataba huo ni sheria. Nje ya maili 200 za baharini, ambako mamlaka ya nchi ya pwani yanakoma, sasa kuna utaratibu wa dunia nzima wa kutenga maeneo ya hifadhi. Bahari kuu ni karibu theluthi mbili za bahari yote, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Kilichotugawa sisi wenyewe ni lile lengo la mataifa la mwaka 2022 la kuhifadhi asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030. Ripoti ya mwaka 2025 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inasema asilimia 35.5 ya akiba za samaki duniani, yaani makundi ya samaki yanayovuliwa, zinavuliwa kupita kiasi. Katika kikao chetu kirefu kuliko vyote, upande mmoja ulisimama na namba hiyo kudai maeneo zaidi yafungwe. Upande wa wavuvi ukafungua ripoti ileile, ukasoma asilimia 64.5 zilizobaki, ukauliza: mbona hizi zinastahimili huku watu wanavua? Swali hilo halikupata jibu usiku ule. Jibu limo katika ripoti hiyohiyo: palipo na takwimu za mavuno, viwango vya kuvua na usimamizi wa kweli, samaki hurudi.

Niseme wazi ninapoegemea. Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa kaskazini (cod) karibu na kisiwa cha Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Wavuvi wadogo wa karibu na pwani walikuwa wameonya kwa miaka kwamba samaki wanapungua na kuwa wadogo. Waliosikilizwa ni wenye hesabu za meli kubwa. Amri hiyo ya kufunga ilidumu miaka 32. Huko Cabo Pulmo, Meksiko, wanakijiji wenyewe ndio walioomba hifadhi, ikatangazwa mwaka 1995, na walipoamua kutovua kabisa wakawa walinzi wake. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki katika miamba ile uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 460. Kwa hiyo mimi siogopi kufunga eneo. Ninachoogopa ni mstari unaochorwa kwenye ramani na mtu asiyejua samaki wanazalia wapi, kisha unaachwa bila boti ya doria. Hifadhi ya namna hiyo humzuia mvuvi mwenye mtumbwi tu; meli yenye nyavu za kukokota hupita usiku.

Maoni yetu juu ya rasimu ya kanuni za hifadhi tuliyawasilisha kwa wakati, ingawa tulipewa siku chache mno. Mpaka leo hatujajibiwa. Katibu ameandika mara mbili.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu. Mimi ninawakumbusha ada tu, hasa wale wanaozungumza kwa muda mrefu vikaoni.

Ajenda ya 4 ni kura ya msimamo wa chama: tuunge mkono maeneo mapya kufungwa bila masharti, au tudai kwanza wavuvi washiriki kuyachora na fedha za doria zitengwe. Kwa kuwa nimekwisha kuonyesha upande wangu, ajenda hiyo ataiongoza makamu mwenyekiti, nami nitakaa nanyi huko nyuma.