Da Mkubwa, msimchagulie Baba wimbo

London, Jumapili usiku

Da Mkubwa,

Shikamoo. Assalamu alaykum wewe, Baba, shemeji na watoto wote hapo barabara ya kumi na tatu. Mimi sijambo, ila baridi imeingia na vidole vimeanza kunipasuka kwa kunawa dawa ya wodini kutwa mara arobaini.

Ile sauti uliyonitumia Alhamisi nimeisikiliza mara nne. Baba anaulizwa kama anataka uji, anajibu, "Jana." Anaulizwa kama mguu unauma, "Jana." Kisha ule mgurumo wake, na kishindo cha kikombe ukutani. Ukaniuliza kwa kunong'ona kama akili yake imeondoka. Haijaondoka, Dada. Mwaka wa tatu huu nawaogesha na kuwalisha wagonjwa wa namna yake. Inaitwa afasia. Kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimelegea, na kwa watu wengi maneno nayo hukaa upande huohuo wa kushoto. Anachotaka anakijua. Neno ndilo linalokataa kutoka, linatoka jingine, na mwenyewe anasikia kwamba limetoka jingine. Wewe usingerusha kikombe?

Sasa nikusimulie ninayoyaona hapa, maana nadhani yatakufaa.

Kila Jumanne huja mama mmoja na ukulele. Ni kigita cha nyuzi nne, urefu dhiraa na kidogo, ukikiona utasema cha mtoto wa chekechea. Siku ya kwanza nilidhani kaja kututumbuiza, nikavuta kiti. Kumbe yuko kazini. Hapa Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa tiba ya muziki mpaka usome shahada ya uzamili na jina lako liandikishwe kisheria, sawa na watu wa mazoezi ya viungo. Akimaliza kupiga anakaa anaandika kwenye faili la mgonjwa, ukurasa mzima.

Ukulele yenyewe ni ya Hawaii, lakini mama yake ni vigita vya Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliokwenda huko kulima miwa. Meli yao ilitia nanga Honolulu mwaka 1879. Wenyeji wakavipenda, wakavipa jina ambalo wengi hulifasiri kuwa kiroboto arukaye, kwa vile vidole vinavyorukaruka. Nikamwambia kwetu Tanga nako manamba walikuja kwenye mkonge na ngoma zao. Akafurahi kweli, akataka nimwimbie moja. Nikasingizia zamu.

Nilimuuliza kwa nini asilete gita la haja. Akanionyesha kitanda: chuma huku, mpira wa dripu huku, mashine ya moyo huku, gita utaliweka wapi? Hiki kinalala kifuani kwa mgonjwa. Nyuzi zake ni za nailoni, haziumizi vidole vilivyolainika kwa kulala miezi miwili. Na kila akitoka kitanda kimoja anakifuta chote kwa dawa kabla ya kwenda kingine, ndiyo maana cha wodini ni cha plastiki; cha mbao kingeshapasuka.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hila moja ndogo. Kwa kawaida nyuzi hizo hukazwa kwa sauti za sol, do, mi, la. Yeye ule wa mwisho anaulegeza kidogo tu, la inashuka kuwa sol. Basi. Hapo hata ukipitisha dole gumba bila kubonyeza chochote, nyuzi zote nne zinapatana. Mtu wa mkono mmoja hawezi kukosea. Penye sauti ya kubadilika, mama huyo anashika shingo ya ukulele kutoka upande wa pili na kubonyeza yeye. Mgonjwa anapiga, vidole vya mwenzake vinaufuata wimbo.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, neno lake lilikuwa "sawa", kama Baba na "jana" yake. Yule mama hakumuuliza wimbo gani, angejibuje? Alimvumia mianzo ya nyimbo tatu, polepole, akimtazama usoni. Ya kwanza, mzee akatikisa kidole. Ya pili vilevile. Ya tatu akafumba macho. Hapo mama hakuanza kupiga mara moja, alikitazama kifua cha mzee kinavyopanda na kushuka, akaanza kwa mwendo huohuo wa pumzi, wa mtu aliyehamaki, kisha akawa anaupunguza kidogo kidogo mpaka mabega ya mzee yakashuka. Mzee anapitisha dole gumba la kushoto. Ubeti wa pili mdomo ukafunguka, ukatoka mstari mzima na maneno yake yote, wazi kabisa. Mkewe akaziba mdomo kwa skafu.

Nisikudanganye. Wimbo ulipokwisha mkewe aliinama akamwambia, "Nitaje jina." Akajibu, "Sawa." Nililia chooni siku ile. Mama wa ukulele alinieleza kwamba wimbo ulioshikwa moyoni tangu ujana haukai pahala pamoja na mazungumzo. Upande wa kulia wa ubongo nao unaushika, na wa kulia ndio mzima. Kutoka wimbo mpaka maneno ya kila siku kuna kazi ya miezi, na si wote wanaofika.

Da Mkubwa, unamkumbuka Bibi alivyokuwa akisema kila pepo ana ngoma yake, na ukimpigia ya mwenzake hapandi wala hashuki? (Usimsomee Ustadhi kipande hiki.) Sisemi Baba ana pepo. Nasema nimesafiri mpaka huku kuja kuona watu wenye shahada wakihangaika na jambo lilelile: wimbo gani, wa nani. Tena wanaogopa kukosea. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja aliimbiwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, wimbo mzuri tu, kumbe alishazika mtoto. Ilibidi tukae naye mpaka usiku.

Kwa hiyo kaseti za Baba, zile za kwenye kabati la sebuleni, msimchagulie. Najua wewe unataka kasida na shemeji anataka zake. Baba kakulia enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya magita, na anajua mwenyewe ipi ilipigwa siku gani ya maisha yake. Mwekee mbele tatu, aguse kwa mkono wa kushoto. Akizikataa zote, lete tatu nyingine.

Na hili la pili lifanye asubuhi akiwa hajachoka, robo saa tu. Wataalamu wa Boston waliliandika mwaka 1973 na hapa bado linatumika. Chagua maneno anayoyahitaji kila siku, tuanze na "nataka maji". Yavumishe kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu: na-TA-ka MA-ji, penye mkazo panda. Kila silabi mgonge kidogo mkono wake wa kushoto juu ya meza. Kwanza mvume bila maneno. Kisha mwimbe pamoja. Kisha wewe ukifika katikati nyamaza, umwache amalizie. Likitoka "jana", usimrekebishe wala watoto wasicheke, rudini mwanzo. Mazoezi ya mguu ya hospitali ya Bombo yaendelee vilevile, hili si badala yake.

Ukulele nimenunua moja, ya mbao, si ghali. Ataileta mke wa Mjomba akija mwezi ujao. Nyuzi mpya za nailoni hulegea siku za mwanzo, utazikaza kila asubuhi. Nitakupigia kwa video tuzikaze pamoja. Usimpe fundi wa gita wa mtaa wa pili, ataona ule uzi umeshushwa, aseme Wazungu hawajui, aupandishe. Na isikae dirishani, joto la Tanga na upepo wa chumvi vitaipinda.

Pesa za dawa za presha nimeshatuma, angalia simu ya shemeji. Nitumie sauti nyingine Ijumaa, hata kama ni "jana" tupu, nataka kusikia kama mwendo wake umebadilika.

Kikombe mnunulie cha bati.

Mdogo wako,
Z.